Kofi Kwenye Gurudumu la Cherehani

Mimi ni fundi cherehani, na binti yangu ndiye bosi wangu. Tunamwita Chiriku kwa utani, maana hazungumzi. Ana usonji. Hukaa kando ya cherehani akisikiliza mlio wake, na ole wangu nikisimama kukata uzi: analipiga gurudumu kofi, niendelee. Wateja wakitaka porojo nawaambia waombe ruhusa kwake.

Mara nyingine alikuwa anaganda tu, anatazama hewani. Mama mkwe, ambaye mjukuu huyu ndiye mboni ya jicho lake, akaweka sheria: Chiriku akitulia hivyo, nyumba nzima kimya, asisumbuliwe. Tukatii. Redio inazimwa, hata kukohoa mwiko.

Asubuhi moja nilikuwa nashona pindo la pazia, nikasimama. Kofi halikuja. Nikageuka. Macho yamekodoka, mdomo unatafuna na hauna kitu, vidole vya mkono mmoja vinafinyafinya kitambaa. Mkono wa pili ulikuwa unaelekea kwenye pasi ya moto, naye pasi huiogopa hata ikiwa baridi. Niliivuta upesi, kisha nikaivunja sheria. Nikamwita. Nikamgusa bega. Nikalizungusha gurudumu na kulisimamisha tena. Wapi! Aliporudi alikuwa amelegea, akanitazama kama mgeni, akalala palepale.

Mama mkwe alisema usonji wenyewe ndio huo, nisimtafutie mtoto maradhi. Namheshimu, lakini hapo hakunipata. Chiriku akijizungusha au akipunga mikono, ukiendesha cherehani anakuja. Safari hii hakukuwa na sauti iliyomfikia.

"Mama," nilimwambia, "akiwa hataki kuitika namjua. Leo hakuweza."

Hali ilipojirudia nilimrekodi kwa simu, nikaenda na video hospitali. Daktari aliitazama mara kadhaa, akauliza kama huitika akiguswa na kama huchoka baadaye. Alisema huenda ni kifafa, maana si kila kifafa humwangusha mtu, na kwa mtoto mwenye usonji ni rahisi kukidhania ni tabia yake. Akatuandikia kipimo cha umeme wa ubongo. Majibu yakathibitisha, tukaanza dawa.

Mama mkwe alilia jikoni, kichwa begani kwangu. "Kumbe nilikuwa namnyamazia mgonjwa," alisema. Nilimwambia alinyamaza kwa mapenzi, na mapenzi hayo sasa yajifunze kuita.

Dawa zilipokuwa zimemkolea, siku moja nilisimamisha cherehani makusudi. Mama mkwe alikuwa anapiga pasi, akaisogeza mbali bila kuambiwa. Chiriku alikuwa anatazama ukutani, kimya. Mama mkwe, mwenye sheria yake, ndiye aliyemwita kwanza, kwa sauti ya kuita jirani wa ng'ambo.

Mkono mdogo ukanyanyuka, ukalitandika gurudumu kofi.

"Haya, mkwe," alisema akijifuta macho, "bosi kasema ushone."

Nikashona.