Tabo Haitoki

Baba mdogo Mbaruku alishapitisha hukumu: Ijumaa, akitoka msikitini, tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, inang'olewa kwenye Subaru ya marehemu baba, injini ya kawaida inawekwa, na mjadala umefungwa. Karakana ni yake, na mimi ni fundi umeme, ameniajiri kwa hisani ya undugu. Basi Alhamisi asubuhi nikalipandisha gari kwenye jeki bila kumwomba mtu ruhusa.

Gari lile ni langu. Baba aliniachia kwa kinywa chake, mbele ya huyohuyo mdogo wake. Zamani lilikuwa likipanda milima ya Kondoa bila kuhema, kisha likaanza kunywa mafuta kupita kiasi, na baba, ambaye mgongo wake haukustahimili basi, akaacha kwenda kijijini Kolo kumwona dada yake. Shangazi Lulu akaona mafuta ni kisingizio tu. Kaka amepata mji, amenisusa! Walinuniana mpaka baba akazikwa. Ndiyo maana sikutaka tabo iguswe. Ikishang'olewa, hakuna atakayejua gari liliumwa nini, na baba atabaki mwongo kaburini.

Mafundi wote walisema ni tabo. Hakuna hata mmoja aliyepima, na mimi nimechoka na ufundi wa kubahatisha. Nikaagiza sensa ya oksijeni ya aina ya kisasa, ile inayonusa moshi na kutaja kwa namba uwiano wa hewa na mafuta. Gari likitembea kwa utulivu, namba isimame karibu na kumi na nne na nusu. Ukikanyaga tabo ikapuliza, ishuke mpaka kumi na moja. Namba ndogo maana yake mafuta mengi.

Joel, mchomeleaji wetu, alitoboa bomba la moshi nyuma ya tabo, upande wa juu.

"Si bora chini, da Zuleha? Ni rahisi kufikia."

"Chini maji yanatuama. Yataiua."

Akachomelea nati, nikaikaza sensa, nikavuta nyaya hadi ndani na kubandika geji ya kuonyesha namba kando ya usukani. Baba mdogo akatokea akifuta mikono.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hilo dude la nini?"

"La kupimia."

"Unapima nini wakati jibu tunalo? Mimi nimeshika spana kabla mama yako hajaolewa."

"Basi panda, tukalione hilo jibu."

Alipanda, nadhani kwa hamu ya kunicheka. Tukashika barabara ya Kondoa. Nilikwenda taratibu kabisa, na namba ikaganda kwenye kumi na mbili, haipandi.

"Si unaona?" akacheka. "Mafuta yanamwagika. Tabo hiyo."

"Tabo haijapuliza hata kidogo, baba mdogo. Tunatembea tu."

Lakini nozeli za kupulizia mafuta nilishazisafisha, mipira ya hewa nilishaikagua. Nilikuwa sina pengine pa kutafuta. Ndipo akalipapasa gari kwa fahari.

"Walau jambo moja utanishukuru. Tazama mshale wa joto. Jua lote hili na hata robo haufiki! Kazi ya mkono wangu hiyo."

Nikautazama. Mji tulishauacha nyuma, na mshale ulikuwa bado umelala chini. Nikaegesha kando.

"Ulitoa themostati?"

"Natoa kwenye kila gari linalopita mikononi mwangu. Hiyo waliiweka Wajapani kwa ajili ya theluji yao. Dodoma hii, kijidude cha kuzuia maji ya rejeta cha nini?"

Cha kuiacha injini ipate moto, ndiyo kazi yake! Bila hicho injini haipati moto wake sawasawa, na kompyuta ya gari hudhani kila saa ni alfajiri ya baridi, inazidi kumwaga mafuta kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye jiko lililokwisha kuwaka. Nilimweleza hivyo. Akasema nisimfundishe kazi.

Nikageuza hadi dukani kwa Natwarlal, muuza vipuri. Aliipangusa vumbi themostati, akacheka. "Hii watu huja kuniuliza namna ya kuitoa tu."

Karakanani baba mdogo alisimama juu ya kichwa changu nikifunga bolti. "Ukiiweka hiyo, gari lisirudi hapa. Na wewe usirudi."

"Sawa," nikasema, nikaendelea kukaza. "Panda."

Tulirudi barabara ileile. Mshale ukapanda hadi nusu, ukatulia. Namba ikaacha kumi na mbili, ikafika kumi na tatu, kumi na nne, ikasimama pale pale nilipoitaka. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Yeye akaukodolea macho mshale. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo, "Lilianza kunywa mafuta baada ya mimi kulitengeneza rejeta, siyo?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Haya," akasema. "Tabo nakuachia, na kazi yako ipo palepale. Geuza turudi."

"Hatugeuzi. Tunakwenda Kolo."

"Kufanya nini?"

"Kumwamkia dada yako. Utamwambia mwenyewe kwa nini kaka yake alikuwa hafiki."

"Zuleha, mwanangu, mambo kama haya mtu huyatafutia siku yake."

"Baba hakupata siku yake."

Akavua kofia, akaiweka magotini. Mbele kulikuwa na lori la ng'ombe. Nikawasha taa ya kupita, nikakanyaga mafuta, na tabo ya baba yangu ikapuliza.