Sponji ya Tatu

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, Widad alizima pampu, akakunja suruali hadi magotini na kufungua pipa la bluu lililochuja maji ya bwawa la baba yake, nyuma ya nyumba yao, Segerea. Ndani ya pipa mlikuwa na kokoto na sponji tatu. Sponji zilioshwa kwenye ndoo, kwa maji ya bwawa lenyewe, kamwe si ya bomba. Maji ya bomba yana dawa, na dawa huua vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Kanuni hiyo ilitangazwa na baba yake, Mzee Khalil mwenye duka la vyombo, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo. Samaki walikuwa wekundu, kumi na mmoja, timu kamili isiyo na wa akiba.

Bwawa lilichimbwa Machi. Mwezi huohuo fundi aliunga tii, kiungo cha njia tatu, kwenye bomba la mtaa na kuyaelekeza maji bwawani, na bomba la Mwalimu Tekla, upande wa pili wa ukuta, likaanza kutoa upepo. Mwalimu Tekla alikuwa akimuuguza mama yake, Bi Sekela, mgonjwa wa kitandani, ambaye tangu siku hiyo hakuoga bali alipanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Tekla alikwenda mara tatu kulalamika. Mara zote tatu alikaribishwa kahawa na kashata. Kahawa ilikuwa nzuri.

Jumamosi ya kwanza ya Juni, Widad alikamua sponji ya kwanza, likatoka povu la sabuni ya mche na sauti ya mtu anayesugua kola ya shati la shule. Ya pili ilitoa harufu ya maharage ya nazi, ya kutosha nyumba sita. Ya tatu ilitoa maji ya uvuguvugu, mlio wa kata ikichota, na sauti ya bibi mmoja akiimba Kinyakyusa, kisha akicheka maji yalipomfika mgongoni.

"Baba," Widad aliita, "hii ya tatu inaoga."

"Nani anaoga?"

"Bi Sekela wa jirani."

Mzee Khalil alisogea, akavua kofia, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ikamue polepole," alisema. "Usimwage."

Mjumbe wa shina, Bwana Benedikto, aliitwa. Alieleza kwamba hayo ni maji yaliyokuwa yaende kwa majirani, na yanafanya kazi yaliyopangiwa. Akaitisha kikao. Kikao kiliazimia kwamba sponji zikamuliwe saa kumi na nusu, viatu vivuliwe getini, na watoto wasicheke. Suala la tii liliwekwa chini ya mengineyo, na mengineyo hayakufikiwa.

Basi kila Jumamosi mtaa ulisimama peku kuizunguka ndoo. Sponji ya tatu ilipoinuliwa, hata kunguru ukutani walinyamaza. Tekla alipewa kiti cha mbele, akafumba macho.

"Mzee Khalil, mama yangu anaoga kwako vizuri kuliko kwangu."

"Karibu, mwalimu. Hapa ni kwenu."

"Kwetu kuna bomba."

"Widad, mwongeze mwalimu kashata."

Mwezi Agosti, Mzee Khalil alichoka kuruka viatu vya watu getini kwake, akaamuru sponji zioshwe kwa maji ya bomba. Zilikaa kimya kama sponji nyingine yoyote. Kufikia Jumanne samaki wawili walikuwa wameelea chali. Timu ikabaki na tisa. Jumamosi iliyofuata kanuni ilirudi, na Bi Sekela akarudi kuoga.

Jumamosi ya pili ya Septemba, kata ilichota taratibu. Ikamwaga, ikangoja, ikamwaga tena. Hakuna aliyeimba. Ilisikika mikono ya wanawake wawili wakimgeuza mtu asiyewasaidia, kisha shuka likikunjuliwa. Widad aliikamua mpaka tone la mwisho, kwa heshima, kama alivyoelekezwa.

Tekla alifumbua macho. Alikwenda getini, akavaa viatu, cha kushoto kulia, akaenda kwake. Hakuna aliyeondoka.

Alirudi na ndoo mbili tupu.

"Mzee Khalil, nimekuja kuomba maji. Ya kumwogesha mama."

"Inna lillahi. Pole sana, mwalimu. Chukua. Chukua hata nne, ujirani ni huu."

Widad alimchotea bwawani. Hapakuwa na maji safi kuliko hayo Segerea nzima. Samaki wote tisa walionekana, na chini yao mdomo wa bomba. Wanawake wawili walimpokea Tekla ndoo, wakatoka naye. Watu wakavaa viatu.

Widad alirudisha sponji ndani ya pipa, akalifunika, akawasha pampu. Bwawa lilikuwa limepungua kwa ndoo mbili. Kabla ya adhana ya magharibi lilikuwa limejaa tena.