Neno la Siri la Mwalimu Paskali

Mwalimu Paskali Matonya alipopunguzwa kazi mwaka 1993, hakufungua duka wala kununua ng'ombe kama wenzake. Alianza kukusanya maneno. Alipanda malori kwenda vijiji vya kwao Kondoa, akakaa na wazee wa Kisandawe na kuwauliza: mti huu mnauitaje? Na huyu nyuki mdogo? Yote aliyaandika kwenye madaftari. Mchwa walipoyala madaftari sita, mtafiti mmoja mgeni alimwonea huruma na kumwachia kompyuta yake kuukuu. Mwalimu akajifunza kuchapa kwa vidole viwili. Miaka minne baadaye maneno yote yalikuwa ndani ya kompyuta, na mchwa walikuwa wameyamaliza madaftari yaliyobaki.

Siku moja wageni walicheza karata kwenye kompyuta ile, wakafuta kurasa nzima bila kujua. Tangu hapo akaiwekea neno la siri. Ukiiwasha tu, kabla ya chochote, inakuuliza neno hilo. Hakumwambia mtu, hata Evarista, binti yake aliyeishi naye Makole, mjini Dodoma, na kufanya kazi ya ukarani masijala.

Machi mwaka 1999 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, na ulimi ukawa mzito kiasi kwamba hata jina la binti yake lilimshinda.

Evarista aliwasha kompyuta, akamsogezea baba kibodi kitandani.

"Baba, nionyeshe herufi ya kwanza tu."

Mkono wa kushoto ulitambaa juu ya kibodi, ukasimama, ukarudi. Akabonyeza herufi, akatikisa kichwa, akabonyeza nyingine. Ilikuwa kama herufi zenyewe zimemtoroka. Jioni ya siku ya tatu alianza kulia, naye Evarista akaizima kompyuta.

Jumamosi aliipeleka kwa Frank, fundi wa redio na kompyuta karibu na soko.

"Usiwe na wasiwasi, dada," alisema Frank huku akifungua boksi kwa bisibisi. "Neno hilo linatunzwa na hii betri ndogo. Tukiitoa kwa muda, kompyuta inasahau."

Alitoa betri bapa kama sarafu. Wakanywa chai. Akairudisha na kuwasha, na kweli, kompyuta haikuuliza neno lolote. Evarista alipiga makofi peke yake.

Lakini kioo kilibaki cheusi, na mstari mmoja wa maandishi ya Kiingereza. Frank akausoma mara mbili.

"Imesahau na vipimo vya diski," alisema hatimaye. "Kompyuta za zamani unaziandikia vipimo mwenyewe. Vinakuwa kwenye lebo ya diski, ila hii imefutika." Alijaribu vipimo alivyovikumbuka kutoka kompyuta nyingine. "Sasa inaiona, lakini inasema diski haina kitu. Niiandae upya?"

"Kuandaa ndiyo nini?"

"Kuipanga vizuri, ili isomeke."

Evarista alifikiria kabati la nguo lililovurugika, likipangwa upya. "Endelea," alisema.

Frank akabonyeza. Namba zikaanza kupanda polepole, moja, mbili, tatu kwa mia. Zilipofika mia moja, diski ilisomeka vizuri kabisa. Haikuwa na neno hata moja.

"Na maneno ya baba, yako wapi?" Evarista aliuliza.

Frank alishika kichwa. "Dada, kuiandaa kunafuta kila kitu, nilidhani… Kwani hakuwa na nakala kwenye disketi?"

"Ilikuwepo moja. Vumbi liliiharibu."

Frank alikataa malipo. Alimbebea kompyuta hadi kwenye teksi na hakuweza kumtazama usoni.

Baba alikuwa ameegemezwa mito, anasubiri. Evarista alitaka kudanganya kwamba fundi amesema warudi wiki ijayo. Lakini mzee alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kompyuta mezani na kuushikilia hivyo hivyo, hadi binti akaunganisha nyaya. Mzee akabonyeza kitufe mwenyewe. Alipoona haikuuliza neno la siri, uso wake, ule upande mmoja, ukachangamka. Alisubiri. Kwenye kioo kulikuwa na alama ndogo nyeupe inayowaka na kuzimika.

"Baba, shikamoo," alisema Evarista, salamu ambayo alikwisha kuitoa asubuhi, kwa kuwa hakupata neno lingine. Akapiga magoti. "Mimi ndiye niliyesema aendelee. Aliniuliza, nikasema aendelee."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu. Wazee watano kati ya wale waliompa maneno yale walikuwa wamekwisha kufariki, na Evarista alijua kwamba anawahesabu. Alifungua mdomo. Ikatoka sauti ndogo ya ulimi kugonga kaakaa, ya Kisandawe, mwanzo wa neno fulani. Akajaribu tena. Evarista, aliyekulia mjini bila kufundishwa lugha ile, hakujua ni neno gani.