Vyumba vya Wifi

Kabla wifi yake hajahamia kijijini, mgeni yeyote aliyevuka mto alifikia kwa Mshonaji. Hapakuwa na kwingine. Barabara iliishia ukingo wa pili, pikipiki zikageuza hapo, na aliyekuwa bado na hamu ya safari alipanda pantoni ya kuvutwa kwa kamba, kisha akaukwea mteremko wa matope hadi kwenye nyumba ya kwanza yenye bati. Nyumba hiyo ilikuwa ya Mshonaji na mama yake. Uani kulikuwa na chumba cha wageni: kitanda cha mbao, chandarua alichokishona mwenyewe, na ndoo ya maji ya kuoga iliyofunikwa kwa sinia. Walilala humo watafiti wa ndege na wanunuzi wa kakao, na mstaafu mmoja aliyekuja kuona maporomoko ya maji akanogewa, akakaa mpaka akawa anaamkia watu kwa majina ya utani. Mshonaji hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipenda kujulikana kwamba mlango wa kijiji ni wake.

Mdogo wake wa kiume, dereva wa malori ya masafa, ndiye aliyeleta wazo la kuwekeza nyumbani. Akanunua ghala la kakao lililoachiwa popo, akamtuma mkewe aje alisimamie, yeye akabaki barabarani na kuja anapopata likizo. Mkewe alikuwa amefanya kazi mapokezi kwenye hoteli mjini. Alishuka kwenye pantoni akiwa amevaa buti za mpira na kuongea na kila mtu kana kwamba waliachana jana.

Mshonaji alimpa mpaka masika awe amekwisha kukimbia. Masika yakaja, maji yakala barabara, mifuko ya saruji ikalowa na kugeuka mawe, na wifi akawa anacheka nayo. Ghala likapata madirisha. Likapata vyumba vyenye sakafu laini, umeme wa jua, bafu lenye bomba, na baraza pana linalotazama mto. Mgeni wa kwanza alipopita mlangoni kwa Mshonaji na kuuliza njia ya kwenda huko, Mshonaji alimwelekeza vizuri. Wa pili pia. Kisha akaanza kujifanya hasikii kwa sababu ya cherehani.

Hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni mama. Bibi, kama kijiji kilivyomwita mama huyo, alianza kwa kwenda kumsaidia mkwewe kuchambua mchele. Akawa anarudi jioni na habari: mgeni fulani anakula kwa uma hata ndizi, mgeni fulani analia akiona konokono. Akawa anachelewa. Akawa analala. Siku moja Mshonaji alitaka kuanika mto wa mama juani, akakuta kitanda hakina mto, na hata kanga za mama hazipo kwenye kamba. Alisimama chumbani na foronya safi mkononi. Hakuna aliyemuaga. Jirani alipomwambia kuwa ana bahati kumpata wifi anayemtunza mama namna ile, alitabasamu hadi mashavu yakamuuma.

Basi siku moja mvua ikinyunyiza, wasafiri wawili, mume na mke, walisimama chini ya upenu wake wakiwa na mabegi mgongoni. Walikuwa wametoka mbali, wanatafuta shamba la kupanda vanila, wamepanga kukaa muda mrefu. Wakauliza nyumba ya wageni iko wapi. Mshonaji hakuwa amepanga neno lolote.

“Pale wamefunga,” alisema. “Kuna watu wanaharisha.”

Mke alirudi nyuma hatua moja. Mshonaji akawaonyesha chumba chake cha uani, lakini walishaingiwa na hofu, wakashuka mtoni wakiteleza na kuvushwa tena. Alijisikia vizuri mpaka jioni.

Neno halikubaki pale. Wasafiri walimwambia mwenye pantoni, yeye akawaambia waendesha pikipiki, na hao wakalipeleka hadi mjini likiwa limeshaota meno: si kuharisha tena, ni kipindupindu. Baraza la wifi likawa tupu. Wifi akawa anatandika vitanda asubuhi na kuvitandua jioni, asijue kosa lake. Wanunuzi wa kakao nao wakasita kuvuka, na hapo kijiji kizima kikaanza kuumia. Mshonaji alitaka kusema, kila siku akaona kesho ni afadhali.

Aliyekuja badala ya wageni alikuwa afisa wa afya. Alikagua vyoo, akanusa visima, akamaliza kwa kuwakusanya watu barazani kwa wifi. Akauliza wagonjwa wako wapi. Wifi akasema hajamwona hata mmoja. Afisa akataka kujua uvumi umeanzia wapi, maana yeye ametembea kwenye matope kwa ajili yake. Mwenye pantoni alitazama viganja vyake vilivyochubuliwa na kamba.

“Wageni waliambiwa kwenye nyumba ya kwanza,” alisema. “Mimi sijui zaidi.”

Watu wakaacha kutafuna mihogo waliyoandaliwa. Ndipo mama yake alipoinuka kwenye kiti cha wageni, kiti chenye mto wake.

“Ni mimi,” Bibi alisema. “Nilikuwa kwa binti yangu, tumbo likanisokota, nikapiga kelele kwamba kuna ugonjwa. Uzee huo.”

Afisa alimkaripia bibi wa watu mbele ya wote, akamwambia mdomo wake umemtia hasara hata mwanawe mwenyewe. Bibi akaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, mpaka akamaliza. Watu walipotawanyika, walibaki wao watatu.

“Nimekusitiri mbele ya serikali,” mama alimwambia Mshonaji. “Usidhani nimekusamehe.”

“Ulihama bila kuniaga, mama.”

“Ningekuaga saa ngapi? Toka asubuhi nasikia cherehani tu. Nikikuambia jambo unasema mmh. Unanilisha vizuri, unanivisha vizuri, lakini kule kwako nilikuwa kama kabati. Huku wananichekesha.”

Mshonaji akamgeukia wifi yake, akitegemea matusi, pengine akiyatamani. Wifi alikuwa anakung'uta makombo mezani, macho mekundu.

“Mume wangu akipiga simu, kwanza ananiuliza dada hajambo,” alisema. “Nikipika, ananiambia dada hupika hivi. Nikishona kifungo, dada angekikaza. Nami nimekuchukia sana, wifi, ila sikukutangazia ugonjwa.”

Kesho yake Mshonaji alivuka mto peke yake. Aliwaambia waendesha pikipiki kwamba hakuna kipindupindu, hakijawahi kuwapo, yeye ndiye aliyeanzisha. Walicheka sana. Mmoja alimbatiza Dada Kipindupindu, na jina likamganda, watoto wa ng'ambo wakamwita hivyo bila hata kujua sababu yake. Lakini habari hizo nazo walizipeleka mjini, pamoja na kicheko, na wageni wakaanza kurudi mmojammoja.

Mama hakurudi. Mto wake ukabaki kule, na kanga zake. Mshonaji akaanza kufunga kazi mapema na kwenda barazani, mwanzoni kwa kisingizio cha kupeleka mapazia aliyoombwa ashone. Hakuzoea kukaa bila kitu mikononi, kwa hiyo wifi alimpa maharage ya kuchambua. Waliongea machache. Mara nyingine wifi alimuuliza jambo la mume wake alipokuwa mdogo, naye akamwambia moja au mawili, na yale mengine akayaweka kwa ajili yake mwenyewe.

Jioni moja mgeni mmoja, mpiga picha za vipepeo, alikuwa anamsimulia Bibi alivyotumbukia kwenye shimo la mihogo. Bibi alicheka hadi akamshika mkwewe bega ili asidondoke. Mshonaji aliutazama ule mkono begani kwa wifi, roho ikamuuma kama siku ile chumbani.

“Shimo lenyewe lilikuwa wapi?” aliuliza.

Mgeni akamgeukia na kuanza upya.