Mimi wa Ndani ya Chupa

Usiku wa jana, kichwa kugusa mto tu, nikaota niko kazini. Hata ndotoni sipumzishwi!

Kazi yangu ni kuotesha waridi maabarani. Tunakata jani vipande vidogo, tunavipanda kwenye chupa zenye jeli ya sukari, na kila kipande kinakuwa mche mzima, sawasawa na mama yake. Sheria ni mbili: kipande kilicho hai kisitupwe, na chochote chenye vijidudu kichemshwe.

Basi nikajikata kidole. Kikatoka kipande chembamba tu cha ngozi, kama ganda la kitunguu. Koleo letu la kushikia vipande likakiokota lenyewe.

"Weka chini," nikaliambia. "Hicho ni changu."

"Sheria haisemi kipande cha nani," likajibu, likakitumbukiza chupani, likafunika.

Nageuka kuchukua plasta, nageuka tena, chupani kumejaa mwanamke. Ni mimi. Anagonga kioo kwa adabu, anafunguliwa, anatoka. Hana kovu tumboni, hana hata kipele. Miche ya waridi inampigia vigelegele. Miche hiyohiyo niliyoilea mimi!

Msimamizi wetu, Mama Nanyaro, anakuja, anatutazama.

"Huyu ni safi," anasema. "Wewe, Mama Ndeshi, una vijidudu."

"Vijidudu gani? Nimenawa mpaka ngozi inachubuka!"

"Umetoka nyumbani umembeba mtoto. Mtoto ni vijidudu vitupu."

Jamani! Ndeshi wangu, miaka mitano, ndiye anaitwa uchafu!

Ukuta unaondoka, maabara imekuwa sebule yangu. Lile jiko la mvuke tunalochemshia chupa zilizoharibika limekaa kwenye kochi, mfuniko wazi.

"Karibu ndani, mama," linasema. "Huwa nachemsha mara moja tu."

Yule mwenzangu anajifunga kanga yangu.

"Unakwenda wapi?" namuuliza.

"Kwa mtoto. Ameamka."

"Mtoto ni wangu! Nimepasuliwa mimi kumtoa!"

"Na mimi ni wewe," anasema, hana hata haya. "Sasa tatizo liko wapi?"

"Hujakesha naye hata siku moja, mshenzi wewe!"

Namrukia. Waridi zinapiga kelele: "Asiguswe, ataambukizwa!" Koleo linanidaka sikio, linanisukumiza kwenye mvuke, na yeye anafungua mlango wa chumba cha Ndeshi taratibu, kama mwenye nyumba.

Nikaamka natweta, jua limeshatoka. Nimechelewa! Nikakimbilia chumbani kumsuka Ndeshi kabla hajaenda chekechea. Nikamkuta amekaa kitandani, sare mwilini, kichwa kimesukwa mistari iliyonyooka, hakuna hata unywele uliochomoza. Na nyumba hii tunaishi wawili tu.

"Nani kakusuka?"

"Si wewe, mama? Sasa hivi tu."

Akajipapasa kichwa, akacheka.

"Leo haijauma hata kidogo. Kesho unisuke hivyohivyo."