Kitu Namba Thelathini na Moja

Noela aliishika ile rupia kwa vidole viwili, kama mtu aliyemkamata kipepeo na hataki kumpukutisha unga wa mabawa. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza. Upande mmoja mwanamke wa Kizungu mwenye taji, shingo kaikaza. Upande wa pili maandishi na mwaka: 1862.

"Bibi," aliniambia, na sauti yake ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliyeingia kanisani misa imeanza. "Hii nayo imetoka shambani kwenu?"

Kabla sijafungua mdomo, shemeji yangu Mashimba alikwisha kujibu.

"Imetoka kwenye plau ya kaka yangu, marehemu Luhende! Kaa vizuri, mwalimu, nikusimulie."

Mimi nikanyamaza. Nawe ungenijua ungeshangaa, maana sikuumbwa kwa kunyamaza. Waulize watu wa Magu. Watakwambia Eugenia, yule Mhaya aliyeolewa Usukumani, akikosa wa kuongea naye huwategea kuku vitendawili.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu ya Noela kwangu. Alikuwa mwalimu wa historia, mkazi wa Butimba, binti mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, naye alikuwa anaorodhesha vitu vya kale ambavyo wakulima wa upande wetu wa ziwa wameviokota mashambani. Siku ya kwanza nilitaka kumwoshea vitu vyote kwa majivu na limau, kwa sababu mgeni hapewi kitu kichafu. Aliruka kama aliyeona nyoka. "Usioshe, Bibi! Udongo nao ni ushahidi." Basi nikamletea debe alimovihifadhi Luhende, mume wangu, kama lilivyo, na mavumbi yake ya miaka arobaini na kitu, nikampa na stuli.

Kazi yake niliipenda tangu mwanzo. Kila kitu alikipima kwa mizani ndogo ya sonara, akakilaza juu ya kitambaa chenye mistari, akakipiga picha, kisha akakiwekea nukta ya rangi nyeupe na juu ya nukta namba kwa wino mweusi. Halafu daftari: namba, jina la kitu, aliyekipata, mahali kilipopatikana, sahihi ya shahidi. Shahidi alikuwa Mashimba, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki.

Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la saba tu, lakini kwenye safu ile ya "mahali" nilikuwa profesa. Miaka yote Luhende alipolima mimi nilikuwa nyuma ya plau nadondosha mbegu, macho chini. Senti yenye tundu? Mkono wa kushoto, mfuo wa nne kutoka kwenye ua wa minyaa, mwaka tuliopanda choroko. Heleri, ile sarafu ndogo ya Mjerumani? Penye mawe mawili, na siku hiyo nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili, kuinama ilikuwa kazi. Simbi kumi na tisa, zile kauri za fedha ya kale? Kwenye korongo, baada ya mvua kubwa. Noela aliandika huku anatikisa kichwa.

"Bibi, wewe ungekuwa makumbusho."

"Makumbusho hayapiki ugali, mwanangu. Andika."

Alipofika kwenye mabonge meusi, mazito, yenye vitundu, macho yalimmeta. "Unajua haya ni nini?"

"Mavi ya chuma," nilimjibu. "Na aliyeyanya si ng'ombe."

Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Yalikuwa mabaki ya wahunzi wa zamani walioyeyusha mawe ya chuma. Pamoja nayo kulikuwa na kipande cha bomba la udongo, kinene kama kifundo cha mkono wangu, la kupitishia upepo wa mivukuto. Hivyo vyote Luhende alivichimbua kule juu, kwenye kichuguu kikubwa, akavifunga kwenye gunia la pamba akasema, "Eugenia, hapa palikuwa na kazi ya watu." Namba ishirini na sita hadi thelathini.

Ndipo ikaja namba thelathini na moja.

Mashimba alisimulia akiwa amesimama. Alikuwa na miaka sabini na moja, mrefu, na mikono yake ilipoongea ilihitaji chumba kizima. Alieleza jinsi ng'ombe walivyogoma katikati ya shamba la chini, jinsi Luhende alivyowabembeleza kwa Kisukuma na wao wakakataa, jinsi alivyoinama kutazama chini ya plau, na jinsi fedha ile ilivyomeremeta udongoni kama jicho la samaki. Niliisikia hadithi hiyo harusini. Niliisikia msibani, siku tulipomzika Luhende, na watu walicheka kwa machozi. Wajukuu zangu wanaijua kuliko sala ya Baba Yetu.

Noela hakucheka. Alikuwa ametoa ramani aliyoichora mwenyewe.

"Mzee, unaona maana yake? Rupia ya Hindi, kabla Mjerumani hajafika, huku bara! Huenda msafara wa biashara ulipiga kambi hapo. Nina kibali cha siku tano na wachimbaji wanne. Nilikuwa nimepanga kuchimba kichuguuni, lakini sasa..." Akachora msalaba mwekundu katikati ya shamba la chini. "Tutachimba hapa. Kesho asubuhi."

"Na kichuguu?" nikauliza.

"Kitasubiri mwakani, Bibi."

Kichuguu kisingesubiri. Mashimba alikwisha kukubaliana na mwenye trekta akisawazishe kabla ya mvua za vuli, apate nafasi ya pamba. Wote watatu tulilijua hilo, na wawili hawakulifikiria, maana rupia ilikuwa inawaka mezani na kila mtu alikuwa anaiota moto.

Sasa nikurudishe nyuma. Mwaka 1981, kiangazi kibaya, mvua imetukimbia na pamba imekauka ingali na maua. Nimejifungua Odeta, mwanangu wa kwanza, siku nane zilizopita. Baba yangu alikuwa fundi kwenye kinu cha pamba hapo Magu, ndiyo maana Mhaya nikakulia huko, na kabla sijaolewa nilijifunza ushonaji kwenye baraza ya duka la vitambaa, kwa mama mmoja wa Kihindi aitwaye Saroj. Mkali wa mishono, mpole wa moyo. Siku hiyo Saroj alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, jua la saa saba, mwavuli mkononi. Alimpakata mwanangu, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akafungua kitambaa chekundu.

"Kwetu mtoto hatazamwi kwa mkono mtupu," alisema. "Hii alinipa bibi yangu. Mimi Mungu hakunipa wa kumpa. Mpe huyu."

Akamwekea Odeta kiganjani, naye, kichanga kile, akafumba vidole.

Jioni ile mama mkwe wangu aliiona. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo aliyanoa kwanza. Alimwambia mwanawe, mbele yangu: "Mzaliwa wako wa kwanza katunzwa na duka. Wewe umempa nini?"

Luhende hakuwa na cha kumpa. Ng'ombe wawili, plau, na ardhi iliyopasuka. Alitoka nje, na siku tatu alikula bila kuniangalia. Siku ya nne, walipokuja wanaume wa ukoo kumwona mtoto, nikamsikia barazani: "Ngojeni niwaonyeshe nilichomfukulia binti yangu." Nikasimama jikoni na mwiko mkononi, uji unamwagikia moto. Ningeweza kutoka. Sikutoka. Uso wake, nilipouona kupitia mlangoni, ulikuwa umerudi kuwa uso wa mume wangu, na mimi niliutaka uso huo kuliko nilivyoutaka ukweli.

Hatukulizungumza kamwe. Mara moja tu, mwaka ambao Saroj na mumewe walihamia kwa ndugu zao mbali, Luhende alilifungua debe, akaipangusa rupia kwa shati lake na kusema, kama anaongea nayo, "Yule mama alikuwa mtu mwema." Kisha akairudisha katikati ya simbi na heleri, na ikawa ndugu yao.

"Weka sahihi hapa, mzee," Noela alikuwa anasema.

Mashimba alishika kalamu. Nikamwona anaikunja mikono ya shati, kwa heshima ya kaka yake. Nami nikawaza: nikisema, namfukua Luhende na kumwaibisha mbele ya ukoo, na yeye hana mdomo wa kujitetea. Nisiposema, watachimba siku tano kwenye udongo mtupu, na mahali pekee ambapo mume wangu alipaona kwa jicho lake mwenyewe patapita trekta. Jina lake litabaki kwenye kitu ambacho hakukipata, na litafutika kwenye kile alichokipata.

"Kitendawili," nilisema.

Mashimba aliguna. "Shemeji, siyo sasa."

"Tega, Bibi," Noela alisema, bado anatazama ramani.

"Sikumzaa, lakini nimemficha na kumlisha miaka arobaini na zaidi."

"Mtoto wa kambo."

"Hapana."

"Minyoo," alisema Mashimba.

"Hapana."

Noela aliinua uso. "Basi nakupa mji. Nakupa Mwanza."

"Mwanza nimepokea. Nimeshuka Buzuruga, nimekula sato mzima na mkia wake, nimekunywa chai, nimerudi. Mwanangu, ni uongo. Na ndio huo unaotaka kutiwa sahihi."

Nikawaeleza. Nilieleza yote, mwavuli, kitambaa chekundu, siku tatu za kula bila kutazamana. Sikulia wala sikuomba radhi. Nilipomaliza, Mashimba aliiweka kalamu chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Tulimzika kwa hadithi hiyo," alisema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Nimewasimulia wanangu. Wazee wote wa ukoo. Leo unanifanya mimi kasuku, na yeye unamfanya nini? Kaka yangu hakuwa mwongo!"

"Alidanganya mara moja, kwa aibu ya mtoto wake. Katika maisha ya mwanaume ni mara chache, Mashimba. Wewe peke yako jana ulidanganya mara tatu kabla ya chai."

Hakucheka. Alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga, na nilimwona anavuka uwanja kwa hatua ndefu mpaka minyaa ikamfunika.

Noela aliivuta ramani. Alichukua rula, akaukata ule msalaba mwekundu kwa mstari mmoja ulionyooka. Akauliza tu, "Niandikeje, Bibi?"

"Andika: rupia, imetolewa na Saroj, mshonaji wa Magu, kwa mtoto Odeta. Mahali: kiganjani."

"Kiganjani hakuna kwenye fomu."

"Fomu nayo ijifunze."

Akaandika. Safu ya shahidi ikabaki nyeupe, nikaitia sahihi mimi, kwa mwandiko wa darasa la saba, herufi zimesimama kama watoto mstarini.

Asubuhi yake wachimbaji walipanda kichuguuni. Siku ya kwanza ulitoka udongo, mchwa, udongo. Siku ya pili hali kadhalika, na mmoja wa wachimbaji akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Niliwapelekea viazi na maziwa ya mgando, nikakaa kwenye kigoda changu nikiwaelekeza: kushoto zaidi, Luhende alisimama akitazama ziwa, jua likiwa mgongoni. Nilikuwa na hakika. Mtu uliyemfuata nyuma miaka thelathini na minne unajua alikokanyaga.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Noela alipiga magoti shimoni na kuomba brashi. Lilitokea bomba moja la udongo, likiwa limelala. Halafu la pili. Ilipofika mchana yalikuwa saba, yamepangwa kwa duara kama nguruwe wadogo wanaonyonya, na katikati yao udongo ulioiva mwekundu, mgumu, unaolia ukigongwa. Tanuru. Noela alikaa chini matopeni na suruali yake safi, akafuta miwani, akaivaa, akaifuta tena.

Daftari lilikuwa kwenye mapaja yangu. Aliniamuru niandike mwenyewe safu ya aliyepata, nami nikaandika jina la Luhende lote, na la baba yake, na la babu yake.

Nilipoinua kichwa, Mashimba alikuwa amesimama kwenye ua wa minyaa. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Trekta hakuja nayo. Alisogea, akasimama ukingoni mwa shimo, akalitazama lile duara kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Shemeji."

"Naam."

"Na ng'ombe kugoma? Nao ulikuwa uongo?"

"Ng'ombe waligoma kweli," nilimwambia. "Ila ilikuwa hapa, siku alipolipata lile bomba. Aliwabembeleza mpaka akawaimbia."

Mashimba akainama, akavua viatu, akaviweka kando kwa usawa, akamnyooshea Noela mkono ili amsaidie kushuka.