Wimbo wa Njambi

Nthenya alikuwa na wimbo mmoja tu duniani, na aliuringia kama wengine wanavyoringia shamba. Waliurekodi River Road, Nairobi, katikati ya miaka ya sabini, yeye akiimba, mumewe Waweru kwenye gita la solo, na vijana watatu wa Kabiria Nyota Band nyuma yao. Vijana hao sasa walikuwa wameoza udongoni, Waweru naye kawafuata. Lakini redio ilikuwa ikiupiga Jumapili mojamoja katika kipindi cha zilizopendwa, na Nthenya akiusikia huacha ugali uungue.

Wimbo ulikuwa wa Njambi, binti yao, aliyekufa kwa surua kabla ya kutimiza mwaka. Picha hawakuwahi kumpiga. Siku hizo watu wa chumba kimoja walimpeleka mtoto studio akishajua kusimama, na Njambi hakufika hapo. Basi Waweru akamtungia wimbo. Ndani yake mama anauliza, "Njambi, utarudi lini?" kisha ananyamaza, na gita peke yake linamjibu. Hakuna neno, ni nyuzi tu. Mama wa namna hiyo ungemjibu nini?

Mwaka 2009, Mbugua alibisha mlangoni kwake Kabiria. Mbugua alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka, mwandalizi wa muziki wa Jumapili katika baa moja ya nyama choma upande wa Dagoretti.

"Mama, hiyo song yenu vijana wanaijua yote kwa kichwa," alisema. "Isipopigwa, wanavunja chupa. Na kwa ile bendi ni wewe tu umebaki. Kuja tukupe heshima yako ukiwa hai."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nthenya aliwatangazia wanawake wote wa kanisa lake. Alishona rinda jipya. Alijua siku zake zinayoyoma, na kilichomkosesha usingizi hakikuwa kufa, bali kwamba akifa yeye, nje ya nyumba yao hatabaki hata mtu mmoja wa kujua kuwa Njambi aliwahi kupumua. Sasa anaambiwa mtoto yumo vinywani mwa watu ambao hata hawakuwa wamezaliwa! Alilia kwa furaha, akiwa peke yake jikoni.

Mjukuu wake ndiye hakufurahi. Alikuwa binti wa tatu wa mwanawe Mungai, na Wakikuyu wana mpango wao wa majina: huyu akaangukiwa na jina la shangazi yake marehemu. Nyumbani aliitwa Njambi. Chuoni alijiita Jackie, na Nthenya alidhani ni maringo ya usichana tu.

"Shosho, si tukae tu nyumbani?" alisema asubuhi hiyo. "Huko ni kwa walevi."

"Walevi nao wana masikio," bibi akajibu, akifunga kitambaa.

Walikuta bustani ya baa imejaa alasiri ile. Mafuta ya mbuzi yalinuka mpaka kwenye nguo, inzi walikuwa na sherehe yao juu ya meza, na jukwaani palikuwa na mtu mmoja mwenye gita na kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Bendi nzima, mtu mmoja! Nthenya aliuma ulimi. Akaletewa mbavu, akaanza kutafuna.

Ndipo wimbo ukaanza, mbio kama mtu anayefukuzwa na polisi. Watu wakaruka kutoka vitini, wakashikana viuno wakapanga mstari wa mugithi kama mabehewa ya treni, chupa juu. Mpigaji akaimba, "Njambi, utarudi lini?" akawaelekezea maikrofoni.

"Bado ana wateja!" bustani nzima ikanguruma.

Beti zilizofuata hazirudiwi hapa. Inatosha kusema kwamba Njambi alitajiwa bei, akatajiwa kitanda, na mwanamume mwenye tai ya ofisi alionyesha kwa kiuno chake yaliyobaki, wasichana wakicheka mpaka wanashikilia meza. Nyama ikamgeukia Nthenya mdomoni. Akaitema kwenye kiganja.

"Huu ni wimbo gani?"

"Ni wenu, Shosho." Jackie hakumtazama. "Hivyo ndio huimbwa. Kwa bash za wanafunzi, kwa rugby, hadi kwa basi ya chuo. Kwani ulidhani najiita Jackie juu ya nini?"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nthenya alisikia kinyaa cha watu hao, cha jasho lao, cha meno yao yenye nyama. Angeweza kuondoka. Lakini akiondoka, yale ndiyo yatakayobaki ya mtoto wake. Mbugua alipomwita kwa makofi na vigelegele, alipanda jukwaani na mafuta bado mkononi.

"Njambi alikuwa mtoto wangu," alisema. "Hakuwa na meno. Alikufa nikiwa nimempakata. Wimbo huu baba yake alimzikia nao."

Mwenye tai akaketi. Msichana mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Nthenya akaona wamesikia, akapata nguvu, akawaimbia wausikie ulivyokuwa, polepole, bila gita, kwa sauti iliyobaki.

"Njambi, utarudi lini?"

Akanyamaza, pale pale aliponyamaza miaka yote.

"Bado ana wateja!"

Si wote, na wengine walijiziba mdomo baada ya kulitoa jibu hilo. Lilikuwa limewatoka lenyewe, kama chafya. Kisha vicheko, kisha ngoma ya kinanda, na mstari ukaanza kujipanga upya.

Mbugua alimpokea chini ya ngazi. Alikuwa na machozi, tena ya kweli, na hilo ndilo lililomchefua Nthenya kuliko yote.

"Mathe, umewamaliza!" alisema. "Hiyo story ya mtoto imeweza sana. Kila Sunday tutakuwa tunaanza nayo, ama?"

Nthenya akamtemea mate kwenye viatu vyake vilivyochongoka. Akageuka kumtafuta mjukuu wake katika ule msongamano, akafungua kinywa amwite, na jina likamfia ulimini. Angeliita hapo, wangemjibu.

"Jackie!" akaita kwa sauti kubwa. "Jackie, twende nyumbani."